Vyuma vya nyonga: kipi kililetwa na ajali, kipi na kitanda, kipi na kisu

Mama mmoja alinisimamisha kwenye korido ya wodi ya mifupa akiwa ameshika kandambili ya mguu wa kulia. Ilikuwa ya mwanawe, dereva wa bodaboda aliyegongwa na lori na kufanyiwa upasuaji wa nyonga siku nane baadaye. Asubuhi ile kijana alikuwa amesimama na magongo kwa mara ya kwanza. Kila alipoinua mguu, kandambili ilivuka ikabaki nyuma, naye hakujua kwamba imevuka. Aliendelea na hatua zake, vidole vikiburuta sakafuni.

"Sista," mama akaniambia, "mwanangu aliletwa hapa anaongea, anakula. Mmempasua nyonga, mguu umekufa."

Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi katika kazi yangu ya uuguzi, na mtaani yanasemwa zaidi kuliko hospitalini. Pikipiki zimetuzoesha kusikia kwamba fulani kavunjika nyonga. Kikao cha michango kinakaa, na kabla hela hazijatimia ndugu wameshagawanyika. Huyu anasema apasuliwe haraka, yule anasema jirani yake alipasuliwa akaishia kwenye kiti cha magurudumu, bora mgonjwa apelekwe kwa mganga wa mifupa. Nimeona ugomvi huo ukila wiki mbili nzima, na wiki mbili kwa mfupa huu ni nyingi mno, kama nitakavyoeleza.

Tatizo ni kwamba mambo matatu tofauti yamefungwa kwenye furushi moja likaitwa "madhara ya upasuaji". Yapo yaliyoletwa na ajali yenyewe, yapo yanayoletwa na kulala kitandani, na yapo yanayoletwa na kisu cha daktari. Familia isipoyatenganisha itaogopa kisichostahili kuogopwa na kukidharau kinachoua.

Nyonga ipi hasa?

Tuanze na neno lenyewe, maana mtu akisema "nyonga" anaweza kuwa na vitu vitatu kichwani. Bibi wa miaka 75 aliyeteleza bafuni akashindwa kuinuka, mara nyingi amevunjika shingo ya mfupa wa paja, ile sehemu nyembamba ya juu karibu na kiungo. Wa pili amevunjika kikombe, yaani shimo la duara ambamo kichwa cha mfupa wa paja kinakaa na kuzunguka kama mchi ndani ya kinu. Wa tatu amevunjika fupanyonga lenyewe, ile pete ya mifupa inayoshika kiuno na miguu pamoja. Upasuaji wao haufanani wala hatari zao hazifanani. Kwa hiyo habari ya shangazi yako aliyewekewa nyonga ya bandia na sasa anatembea kwenda sokoni haimwelezi kijana wa bodaboda. Hapa nazungumzia wa pili na wa tatu.

Fupanyonga lina mifupa miwili mikubwa, wa kulia na wa kushoto. Mbele inakutana kwenye kinena. Nyuma inashikana na mfupa mpana wa mwisho wa uti wa mgongo kwa kano ambazo ni miongoni mwa kano zenye nguvu kuliko zote mwilini. Ndani ya pete hiyo kuna kibofu, mwanzo wa mrija wa mkojo, mwisho wa utumbo mpana, mji wa mimba kwa mwanamke, mishipa mikubwa ya damu inayoteremka miguuni, na mishipa ya fahamu. Mmojawapo, unaopita nyuma ya kikombe kuelekea mguuni, ndio mnene kuliko yote mwilini, una unene wa kidole. Huo ndio uliokuwa na habari ya ile kandambili.

Chukua bangili ya plastiki ngumu ujaribu kuivunja mahali pamoja tu. Haiwezekani: ikikatika huku, upande wa pili nao hukatika au kupinda. Fupanyonga liko hivyohivyo. Eksirei ikionyesha ufa mbele, daktari anatafuta na nyuma palipoachia, na nyuma ndiko kugumu kuona kwa eksirei ya kawaida. Ndiyo sababu anaagiza siti skani. Ndugu huona kama bili inaongezwa, lakini bila picha ile daktari anapanga kazi akiwa ameona nusu ya bangili.

Si kila aliyevunjika fupanyonga anahitaji kupasuliwa. Mzee aliyeanguka kwa urefu wake mwenyewe akapata ufa mdogo mbele, pete ikabaki imara, hutibiwa kwa dawa za maumivu na kutembezwa mapema akiwa na kitembezi. Akiambiwa haendi chumba cha upasuaji, hajatelekezwa. Upasuaji ni wa pete iliyolegea au kikombe kilichohama, na hayo huletwa na nguvu kubwa: gari, pikipiki, kuanguka kutoka ghorofani au juu ya mnazi.

Yaliyoletwa na ajali

La kwanza ni damu. Mtu mzima ana takriban lita 5. Pete ikifunguka kama kitabu, nafasi ya ndani inapanuka, na anaweza kupoteza lita kadhaa bila hata tone moja kuonekana nje. Sehemu kubwa ya damu hiyo inatoka kwenye mishipa midogo na kwenye mfupa wenyewe, kwa hiyo pete ikifungwa tena na kutulizwa, damu inapata nafasi ya kuganda.

Hapa barabarani ndipo tunapoharibu. Watu wema wanamnyakua majeruhi msobemsobe, huyu mikono, yule miguu, wanamkunja ndani ya bajaji. Kila mtikisiko unang'oa damu iliyoanza kuganda. Ukiwepo eneo la ajali, mlaze chali, funga magoti yake pamoja, kisha zungusha shuka au kanga na kuikaza kwenye usawa wa ile mifupa inayojitokeza pembeni pale paja linapoanzia. Watu wengi hufunga kiunoni; ni juu mno, haisaidii. Usimbonyezebonyeze nyonga "kuona kama imevunjika". Mtafutieni kitu bapa cha kumbebea, hata mlango.

Hospitali ikishapokea, huenda akawekewa vyuma vya nje, vile ambavyo mtaani huitwa antena. Ndugu wakiviona hudhani upasuaji umekwisha. Mara nyingi hivyo ni vya kushika pete kwa muda hadi mgonjwa atulie, na operesheni yenyewe huja siku kadhaa baadaye.

La pili ni mkojo. Mifupa ya mbele ikihama inaweza kutoboa kibofu au kuchana mrija wa mkojo, na wanaume wanaumia zaidi mrija kwa sababu mrija wao ni mrefu. Mwanamume akionekana na damu kwenye tundu la mkojo baada ya ajali, mpira wa mkojo hausukumwi kwa nguvu. Anapigwa kwanza picha ya mrija, na pengine mkojo unatolewa kwa mpira unaopita tumboni juu ya kinena. Miezi baadaye kovu linaweza kuubana mrija, mkojo ukatoka kama uzi. Nguvu za kiume nazo zinaweza kupungua kwa sababu mishipa ya damu na ya fahamu ilivutwa siku ya ajali. Hili wanaume wanalificha, kisha wakifika nyumbani wanaulaumu upasuaji. Naomba waulize mapema, kwa sababu lina tiba, na wengine hurudi taratibu bila tiba kubwa.

La tatu ni ngozi. Tairi linapopita juu ya paja, ngozi inaweza kutengana na nyama iliyo chini yake bila kuchanika, nafasi ile ikajaa damu na maji. Kwa nje unaona uvimbe laini na wekundu tu. Daktari akipasua hapo bila kulishughulikia, usaha unakaribishwa. Unaona jinsi mambo yanavyoingiliana: maambukizi yataonekana baada ya kisu, ila mlango ulifunguliwa na tairi.

La nne ni mishipa ya fahamu. Mwaka 2005 ulichapishwa Uingereza uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi, jumla ya mivunjiko 3,670 ya kikombe cha nyonga. Takriban wagonjwa 16 katika kila 100 walikuwa na mshipa wa fahamu ulioumia kutokana na ajali yenyewe. Walioumizwa mshipa na upasuaji walikuwa kama 8 katika kila 100. Zitazame tarakimu hizo pamoja. Kisu hakina kinga ya lawama, wanane si wachache. Lakini ajali iliumiza mara mbili yake.

Nililifungua faili la yule kijana. Siku ya kwanza, saa nne usiku, daktari wa zamu alikuwa ameandika kwamba mgonjwa hawezi kuinua unyayo wa kulia juu. Mguu ulikuwa umelegea kabla hata ya kisu kunolewa. Ila mtu aliyelala chali, mwenye maumivu ya nyonga, nani angeona kwamba unyayo hauinuki? Nikamsomea mama. Alikaa kimya muda mrefu, akauliza, "Mbona hakuna aliyeniambia?" Hilo sikuwa na jibu lake. Nimeshika pia mafaili ambayo mstari huo haupo kabisa, na hapo hakuna anayeweza kujua ukweli, si familia wala daktari.

Yanayoletwa na kitanda

Wanaosema "tusubiri kwanza" huamini kwamba kusubiri hakuna gharama. Miaka ya nyuma mgonjwa alining'inizwa mguu kwa uzito wiki nyingi, na bado hufanyika pale vyuma au mtaalamu vinapokosekana. Kulala huko ni tiba, na kuna madhara yake.

Baya zaidi ni damu kuganda kwenye mishipa ya ndani ya mguu na nyonga. Mwaka 1994 watafiti wa Toronto, Canada, waliwachunguza majeruhi 349 wa ajali kubwa ambao hawakupewa kinga ya damu kuganda. Zaidi ya nusu walikutwa na damu iliyoganda, na wengi wao hawakuwa na dalili yoyote. Waliovunjika fupanyonga walikuwa miongoni mwa walioathirika sana. Bonge likichomoka linapanda hadi kwenye mapafu, na mtu aliyekuwa akicheka na wageni saa za kuona wagonjwa anafariki ghafla. Mtaani husemwa "alipewa sindano vibaya", au ametupiwa kitu.

Zile sindano ndogo za tumboni, heparini na ndugu zake, ni kwa ajili hiyo. Ni ghali, na wakati mwingine familia inanunua siku tatu kisha inaacha kwa kuwa mgonjwa "anaonekana mzima". Tafadhali msiache bila kumuuliza daktari. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, usikandwe kwa mafuta ya nazi wala maji moto, kwani kukanda kunaweza kulichomoa bonge. Toeni taarifa.

Kuna pia vidonda vya kulalia mgongoni na kisiginoni, nimonia, maambukizi ya mkojo, misuli kukonda. Na kuna muda wenyewe. Wafaransa Robert Judet na Émile Letournel, ambao maandishi yao ya mwaka 1964 ndiyo msingi wa upasuaji wa kikombe cha nyonga hadi leo, walionyesha umuhimu wa kurudisha vipande mahali pake hasa. Kikombe ni sehemu ya kiungo. Tofauti ya milimita 2 inatosha kukisaga kila unapotembea. Baada ya wiki tatu hivi, vipande vimeshaanza kuungana ovyo kama saruji iliyokauka kabla tofali halijanyooshwa. Daktari atalazimika kuvunja alichokuta, jeraha linakuwa kubwa, damu nyingi inapotea, matokeo yanashuka. Wiki mbili za kikao cha ukoo zinaingia moja kwa moja kwenye hesabu hiyo. Supu ya makongoro mleteeni, ni chakula kizuri na mwili unakihitaji, lakini haitarudisha mfupa uliohama.

Yanayoletwa na kisu

Sasa tuseme bila kupaka rangi. Huu ni upasuaji mgumu, kwa sababu mfupa uko ndani sana na umezungukwa na vitu visivyotaka kuguswa.

Kidonda kinaweza kuoza. Katika ule uchambuzi wa 2005, waliopata maambukizi walikuwa wanne hivi katika kila 100. Hatari inapanda kwa mwenye kisukari kisichodhibitiwa, mnene sana, mvuta sigara, na aliyekuwa na utumbo au kibofu kilichochanika. Wengine wa kundi hili huwekewa choo cha tumboni kwa muda ili kinyesi kisifike kwenye jeraha. Ni kinga, na baadaye utumbo hurudishwa.

Mshipa wa fahamu unaweza kuvutwa wakati daktari anatafuta njia ya kufika kwenye kikombe kwa nyuma. Skrubu ya nyuma ya pete ikienda pembeni kidogo inaweza kugusa mshipa unaoteremka mguuni, ndiyo maana hupigwa eksirei nyingi palepale chumba cha upasuaji. Aliyepasuliwa kwa mbele anaweza kubaki na ganzi pajani upande wa nje. Hiyo inaudhi, ila haidhoofishi mguu.

Damu inaweza kutoka nyingi, kwa hiyo ndugu wakiombwa kuchangia damu kabla ya operesheni, hiyo si dalili kwamba mambo yameshaharibika.

Mengine yanakuja polepole. Mfupa unaweza kuota ndani ya nyama ya nyonga hadi mguu ukawa hautanuki. Dawa za jamii ya diklofenaki hutumika kuzuia hilo. Kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kufa kwa kukosa damu, hasa kama kiliruka kutoka kwenye kikombe na hakikurudishwa ndani ya saa chache. Na kiungo kinaweza kusagika mapema: karibu mmoja katika watano kwenye ule uchambuzi. Kwa upande mwingine, robo tatu na zaidi kidogo walikuwa na hali nzuri au nzuri sana takriban miaka mitano baada ya kuumia. Tarakimu hizo zimetoka kwa sehemu kubwa kwenye hospitali zenye mabingwa wa kazi hii, kwa hiyo usiogope kumuuliza daktari wako amewahi kufanya ngapi, na kama ni bora mgonjwa ahamishiwe kwingine. Daktari mzuri hachukii swali hilo.

Vipi kuhusu vyuma kupata kutu, kuvuta radi, au kulazimika kutolewa? Vyuma hivi ni titani au chuma cha pua maalumu, havioti kutu mwilini kama msumari wa paa, wala haviiti radi. Vingi hukaa maisha yote. Pleti ya kinena, yaani kile chuma bapa kinachoshika mifupa ya mbele, hasa hulegea au kukatika skrubu baada ya muda, kwa sababu kinena chenyewe kina mchezo kidogo kila ukitembea. Mtu anapigwa eksirei kwa sababu nyingine, anaiona skrubu imekatika, anatetemeka. Kama haumwi, hakuna usaha na pete imeshikana, mara nyingi huachwa ilivyo.

Na wanawake huambiwa kwamba hawatazaa tena, au lazima wapasuliwe kila mimba. Si kweli kwa wote. Wengi waliopona fupanyonga, hata wenye vyuma, wamejifungua kwa njia ya kawaida. Inategemea pete ilivyoungana, nafasi ya mtoto kupita, na chuma kiko wapi. Mjamzito aende kliniki mapema na eksirei zake za zamani, zisiachwe chini ya godoro.

Ukiwa na mgonjwa anayesubiri upasuaji huu, omba jambo moja kabla hajasukumwa kwenda chumba cha upasuaji: akiwa macho, mbele yako, aambiwe ainue unyayo na vidole gumba vya miguu yote miwili juu, kisha ashushe, na matokeo yaandikwe kwenye faili. Inachukua dakika moja. Operesheni ikiisha na usingizi ukamtoka, arudie.

Yule kijana alipewa kifaa cha plastiki cha kushikilia unyayo ndani ya kiatu, akafundishwa kunyoosha kifundo ili kisikakamae. Mshipa wa fahamu ukiwa haukukatika huota kwa takriban milimita 1 kwa siku, na kutoka nyonga hadi unyayo ni mbali, kwa hiyo tulimwambia mama ahesabu mwaka na zaidi, na kwamba huenda usirudi wote. Mwezi wa kumi na nne walikuja kliniki. Alivua kiatu, akakaa ukingoni mwa kitanda, akainua kidole gumba cha mguu wa kulia, kidogo tu, kikarudi chini. Mama alimwambia, "Rudia, mwanangu." Akarudia.